Badawy Msonga Halwa na Dirisha la Januari

Harun amenipa ukurasa mmoja. Ati niandike wasifu wa marehemu Badawy, usomwe Jumamosi kwenye hitima ya arubaini yake, na usizidi ukurasa kwa sababu baada yake kuna chakula na watu hawapendi biriani iliyopoa. Biriani yenyewe napika mimi. Kichwa ameshakiweka mwenyewe, kwa herufi kubwa: SHUJAA WETU. Nimekifuta. Nitaandika kurasa nizitakazo, halafu tuone nani ataninyang'anya maikrofoni.

Kwa asiyenijua, mimi ni Saadia, mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, mpishi wa shughuli hapa Saint Paul mwaka wa ishirini sasa. Harun ni mwenyekiti wa chama chetu cha Wapwani, mwenye nyumba kubwa Maple Grove na sauti kubwa kila mahali. Na Badawy alikuwa msonga halwa. Hivyo tu. Hakuwa na cheo, hakuwa na watoto, na mkewe alirudi Mombasa mwaka wa pili akisema baridi hii haikuumbiwa binadamu. Mchana aliendesha gari la kupeleka wagonjwa hospitali. Alikuwa mtu wa haya, akicheka hucheka kwa mabega, sauti haitoki.

Halwa hakuzaliwa nayo. Alifundishwa na Mzee Mahfudh, baba yake Harun, ambaye alikuja Amerika uzeeni na karai lake la shaba. Alilipakata ndegeni kama mjukuu, kutoka Mombasa mpaka hapa, maana alikataa katakata lisiwekwe na mizigo. Akawa anapika kwenye gereji ya Harun, mlango wazi, theluji nje, yeye na kikoi chake. Sasa halwa, kwa mliozaliwa huku, si chai kwamba utaiacha jikoni ukaongee na simu. Ukishatia wanga na sukari motoni, unashika mwiko mrefu kama kasia na unasonga saa nne, bila kusimama, bila kumpa mtu. Ukipumzika dakika moja imeshika chini, mwage. Watoto wake Mzee walijaribu, kila mmoja mara moja. Badawy peke yake ndiye aliyerudi mara ya pili.

Basi Mzee Mahfudh figo zikamshinda. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipelekwa kusafishwa damu kwa mashine, na dereva wake alikuwa Badawy. Mwaka wa tatu mzee akachoka. Akamuuliza daktari, daktari akamwambia kuacha ni haki yako. Akamuuliza sheikh, sheikh akamwambia kuacha dawa si kujiua. Akawaita wanawe akawaambia: "Wanangu, mashine basi. Nataka kufa kitandani kwangu, na mmoja wenu akae nami asiite ambulansi." Watoto watano, madume mazima, wakatoka chumbani mmoja mmoja. Harun alikuwa wa kwanza kutoka. Alisema hawezi kusikia maneno hayo.

Mzee akamwambia Badawy garini: "Jumatatu usije na gari. Njoo na msahafu."

Badawy akaja. Akakaa siku nane. Alimsomea Yasini, akamlowesha midomo kwa pamba, akamgeuza, akamsafisha. Mimi nilikuwa napeleka uji, nimeona kwa macho yangu. Siku ya saba mzee akamwita Harun na mbele yangu akamwambia: "Mumenipenda, sikatai. Lakini aliyenisikia ni huyu. Karai ni la Badawy." Harun akasema sawa baba. Kuanzia siku ile hakumtazama Badawy usoni tena, na huko nje akapitisha neno kwamba kuna watu wanaharakisha wazee wa wenzao ili warithi. Ninyi mlilisikia neno hilo. Wengine mlilibeba.

Lakini halwa ikatufumba midomo. Miaka sita mfululizo Badawy alipika katika jiko la ukumbi wetu, Frogtown, pale University Avenue, treni ikipita nje na vioo vikitetemeka. Kila Ijumaa baada ya swala tuliketi zuliani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, kahawa na halwa katikati. Nani hapa alioa bila halwa ya Badawy? Nani alizikiwa mtu wake bila ile sahani? Ilikuwa haikosei. Nimeonja halwa za Mombasa, nimeonja za Wamanga wenyewe wa Omani, na ya yule mtu ilikuwa inakutuliza mpaka unasahau kuwa nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Na alionja. Msonga halwa haonji mwisho kama mpishi wa wali, anaonja kila mara, kwa ncha ya kidole, kujua sukari imeshikana na samli au bado. Saa nne, kila dakika kumi. Ndiyo kazi ilivyo. Daktari akamwambia una ugonjwa wa sukari, acha. Akamjibu, mwalimu wangu alionja mpaka miaka themanini. Hakumwambia daktari kwamba mwalimu huyo alikufa kwa figo.

Jambo jingine ni makubadhi. Halwa ya nikahi husongwa na mtu mwenye udhu, amevaa makubadhi, vidole nje, na Badawy alisonga hivyo hivyo, Minnesota, Desemba. Likaruka tone. Halwa ya moto haimwagiki kama maji, inaganda mahali na kuendelea kupika nyama. Tone likamkaa juu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto na yeye asilisikie, kwa sababu miguu ilikuwa imeshakufa ganzi kwa sukari. Alisonga mpaka mwisho. Siku ya tatu soksi ilipokataa kutoka ndipo alipoona. Akatia asali na habasoda akafunga kitambaa. "Hakiumi," aliniambia. "Kisichouma si ugonjwa." Sisi watu wa kwetu na msemo huo! Tumezika wangapi nao?

Kidonda kikakaa mwezi, kikanuka. Tuseme kweli, kilinuka sana.

Ijumaa ile ya Januari tulikuwa zuliani kama kawaida, viatu mlangoni. Ndiyo shida yenyewe hiyo, mtu akivaa buti kidonda kimefichika, lakini zulia la watu halikanyagwi na buti. Badawy alileta sahani, akaketi, akaukunjia mguu chini ya kanzu. Harufu ikatembea. Watu wakaanza kutazama vikombe. Akina mama wakavuta mitandio puani. Hakuna aliyesema, "Badawy ndugu yetu, kidonda hiki chataka hospitali, inuka nikupeleke." Chumba kizima cha Waislamu, nusu yao wenye magari mlangoni, na hakuna. Ila dirisha lilifunguliwa.

Mwenye kuishi hapa anajua maana yake. Januari dirisha halifunguliwi. Limezibwa kwa plastiki na gundi tangu Novemba, huligusi mpaka Aprili. Kulifungua mwezi ule, ukabandua plastiki ile, ukaacha upepo uingie mpaka watoto wakaanza kulia, ni kusema jambo ambalo hata mtoto analielewa. Badawy alilitazama dirisha. Halafu akautazama mguu wake. Akainuka taratibu, akaenda mlangoni, akavaa buti zake, moja ikamchukua muda. Akatuaga kwa salamu, na tukamjibu kwa ukamilifu, wa rahmatullahi wa barakatuh. Kisha tukala halwa aliyoileta.

Jumatatu Harun akatuma ujumbe kwenye kundi la simu: kamati imemwombea ndugu Badawy mapumziko mpaka apone, jiko litumike na wengine. Mapumziko! Badawy akachukua karai lake. Ghorofani alikokaa Frogtown ngazi zilikuwa zimemshinda, akahamia Inver Grove Heights, chumba cha chini kule kuteremkia mtoni, ambako basi lenyewe hupita likijisikia. Kazi ya udereva ikamwisha, maana mguu wa ganzi haukanyagi breki. Akakaa huko miaka mitatu. Mla nawe hafi nawe, wazee walisema, na sisi tulikuwa tumekula naye kweli kweli.

Aliyekuwa akienda ni Donatille, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, Mkristo, muuguzi wa majumbani. Alikwenda siku moja baada ya moja, akafungua bendeji, akakiosha, akafunga upya. Niliwahi kumuuliza baadaye, wewe harufu ile uliiweza vipi? Akanitazama kana kwamba nauliza ujinga. "Mama, ni kidonda. Kitanukia nini, marashi?"

Mimi nilikuwa namtumia salamu za Idi kwa simu. Kwa sauti. Na maua ya katuni.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Harun akapata posa. Binti yake Khadijah anaolewa na kijana wa nyumba kubwa ya Mombasa, na babu wa bwana harusi, mzee wa miaka tisini, atapanda ndege aje asimamie nikahi. Mzee huyo alikuwa rafiki wa Mzee Mahfudh. Akatuma neno moja tu: anataka kabla hajafa aonje tena halwa ya karai lile. Harun akaagiza halwa Toronto, ikaja kama raba ya kufutia. Akanunua sufuria la chuma, akaajiri mtu, ikashika chini, moshi ukajaa gereji mpaka zimamoto wakaja. Ndipo akaja jikoni kwangu.

"Saadia, nahitaji karai. Na yule bwana akija kusonga sawa, akitoa karai tu sawa."

"Nenda kamwombe."

"Mimi hatanipa. Mtume Lubna. Lubna anampenda. Aseme ni posa yake yeye."

Lubna ni binti yangu, yuko chuo kikuu, mwaka wa pili. Zamani Ijumaa alikuwa akikaa karibu na Badawy apewe ukoko wa karai. Nikamwambia Harun huo ni uongo. Akasema si uongo, ni hila nzuri ya kupatanisha watu. Halafu akataja, kwa upole, kwamba kamati inafikiria kubadilisha mpishi wa ukumbi. Basi. Mimi mwenye ulimi wa kukata kamba nikanyamaza, nikampigia binti yangu. Sina la kujitetea.

Lubna akaenda Jumapili asubuhi. Haya yote nimeyapata kwake. Badawy alimfungulia kwa magongo, amekonda, kanzu imemning'inia. Aliposikia posa, machozi yakamtoka palepale mlangoni. "Posa yako wewe? Na mamako akanikumbuka?" Hakungoja jibu. Karai lilikuwa limefungwa kwenye blanketi chini ya kitanda, analisugua kwa ndimu na chumvi kila wiki, linawaka. Akamsaidia kulibeba mpaka garini, yeye na magongo, akamwambia nitakuja kusonga mwenyewe mwanangu, nitajie siku tu.

Lubna akaondoka. Akafika kwenye daraja la mto, akaegesha gari kituo cha mafuta, akalia. Kisha akageuza.

Kiswahili cha mwanangu ni cha kuokotaokota, anasikia yote, kujibu ni tabu. Lakini siku ile alijibu. "Ami Badawy, nimekudanganya. Si posa yangu. Ni ya Khadijah wa Harun. Wanataka karai, hawakutaki wewe. Chukua karai lako."

 Badawy akamtilia kahawa. Akamuuliza kwa nini umerudi, ungekwenda zako tu.

"Kwa sababu kuna stori tumesoma darasani, ya Wagiriki wa kale," Lubna akamwambia. "Kuna shujaa anaitwa Filoktete. Kulikuwa na shujaa mwingine mkubwa, ana nguvu kuliko watu wote, akapata sumu mwilini, hafi na haponi. Akasema nichomeni, nipumzike. Wote wakakataa, hata mwanawe. Filoktete akawasha ule moto. Basi yule mkubwa akampa upinde wake, upinde usiokosa."

Badawy akaweka kikombe chini.

"Halafu wakaenda vitani, majeshi yote, kwa meli. Njiani Filoktete akaumwa na nyoka mguuni. Kidonda kikanuka, Ami. Kikanuka mpaka wenzake hawawezi kuswali. Basi wakamwacha kisiwani, peke yake. Miaka kumi. Alikuwa anawinda ndege kwa ule upinde, anaburura mguu. Na wao vita vikawashinda. Wakaambiwa bila upinde ule hamshindi. Ndipo wakarudi. Yule yule aliyesema aachwe ndiye aliyerudi, lakini hakujionyesha, alimtuma kijana amdanganye." Hapo Lubna akaanza kulia tena. "Na mimi nilisoma hiyo kitabu Februari nikaandika insha, nikapata A. Halafu nili-drive hapa nikafanya the same thing."

"Yule kijana alifanyaje?"

"Aliurudisha upinde."

Badawy akacheka kwa mabega. Akauliza, na mwenye mguu, alikwenda au hakukwenda?

"Hakutaka. Akasema afadhali nife hapa. Halafu yule shujaa aliyekufa akashuka kutoka mbinguni akamwambia nenda. Akaenda. Akashinda vita."

"Na mguu?"

"Walimtibu. Alipona, Ami."

"Alipona," Badawy akarudia. "Wale hawakuwa na sukari."

Akamwambia Lubna chukua karai, nitakuja. Lakini ana sharti moja, na sharti hilo Lubna aliliandika kwenye simu ili asilipoteze: Harun aje mwenyewe, avue viatu, anywe kahawa, na siku ya nikahi Badawy aketi zuliani pamoja na wanaume, mstari wa mbele, sahani ya halwa ikipita apite nayo yeye. Hakutaka kuombwa radhi. Hakutaka kitu kingine. Alitaka zulia.

Harun alikwenda. Alisimama mlangoni na viatu vyake, akasema nimeacha gari linawaka. Kuhusu zulia akajibu, "Inshallah." Neno la Mungu, jamani, tulivyolifanya mlango wa kutokea!

Donatille alimkataza Badawy kusonga. Alimwambia mbele ya Lubna: mguu huu usimame saa moja, si zaidi, ukizidisha utaukosa. Badawy akamwambia nimekusikia. Halwa ni saa nne, na ya watu mia tatu ni saa tano.

Nikahi ilikuwa Jumamosi ya Juni, ukumbini kwetu, baada ya Alasiri. Badawy alifika saa tatu asubuhi. Nilikuwa jikoni na sufuria zangu za biriani, na miaka mitatu sikuwa nimemwona mtu huyu ana kwa ana. Nilikuwa nimejitayarishia maneno. Niliyatayarisha wiki nzima, nikikata vitunguu nayasema. Akaingia kwa magongo, akanipa salamu, akauliza hali yangu, akaomba mahali pa kutawadha. Akavua buti. Akavaa makubadhi juu ya bendeji. Mimi nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Akaweka magongo ukutani akashika mwiko. Wallahi, mtu aliyekuwa hawezi kutembea alisonga kama kijana. Sukari ikayeyuka, wanga ukashika, akatia samli kidogo kidogo, zafarani, iliki. Kidole motoni, mdomoni. Saa ya pili bendeji ikaanza kulowa. Saa ya tatu alama ya mguu ikawa sakafuni, nyekundu, kila akibadilisha uzito. Nikamwambia keti, Badawy, nishike mimi dakika moja. Akasema hapana, wewe una mkono wa wali. Jikoni kukawa na joto, na mvuke, na harufu ile ya halwa, na chini yake, harufu ile nyingine.

Saa ya nne, bila kugeuka, akasema: "Saadia."

"Labeka."

"Nifungulie dirisha. Wewe walijua namna lifunguliwavyo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeomba chumvi. Na mimi nikaenda nikalifungua, na hapo ndipo nilipojua kwamba alijua. Siku zote alijua. Ijumaa ile ya Januari watu walimtazama Harun, na mpaka leo mnaamini ni Harun, maana ni mambo yake. Harun alikuwa upande wa pili wa chumba. Aliyekaa chini ya dirisha ni mimi. Aliyebandua plastiki kwa kucha ni mimi. Nilikuwa nimeunguza vitunguu asubuhi, nimegombana na watu, kichwa kinaniuma, harufu ikanipanda, nikafungua. Ndiyo sababu yote. Hakuna kubwa kuliko hiyo. Na alipotoka nilimwona Harun ananitazama kwa shukrani, kwa kuwa nilimfanyia kazi yake, na nikala sahani yangu nikamaliza.

Nilisema, "Badawy, nisamehe."

Akasema, "Lete lozi."

Halwa ikaiva. Akaipakua, akanawa, akafunga bendeji mpya juu ya ile ya zamani, akavaa kanzu aliyokuja nayo kwenye mfuko, imepigwa pasi, na kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono. Akaenda ukumbini kwa magongo. Nikamfuata mpaka mlangoni. Zulia limejaa. Mstari wa mbele wamekaa jamaa za bwana harusi na marafiki wa Harun kutoka Maple Grove. Harun akaja haraka, akamshika bega, akamnong'oneza kwa tabasamu, na mimi nilisikia: "Ndugu yangu, huku kumejaa. Nimekuwekea kiti pale karibu na mlango. Pana hewa."

Badawy akakitazama kiti. Kilikuwa cha plastiki, kando ya viatu vya watu. Akageuka akarudi jikoni. Akaketi juu ya ndoo ya samli iliyofunikwa, akaunyoosha mguu. Kutoka hapo tulisikia yote. Tulisikia nikahi ikifungwa. Tulisikia sahani zinapita. Kisha tukamsikia yule mzee wa miaka tisini analia kwa sauti kama mtoto: "Hii ni ya Mahfudh! Wallahi hii ni ya Mahfudh mwenyewe!" Na Harun anajibu, kwa ile sauti yake: "Ni urithi wa baba, mzee wangu. Hatukuuacha upotee."

Nilitaka kutoka na upawa nimpasue. Badawy akanishika mkono. Akaniuliza kama halwa imebaki. Nikamwambia ipo kwenye karai, ukoko. Akaniambia nimwekee Lubna.

Siku ya tatu homa ikampanda. Hospitali wakakata vidole, wiki iliyofuata wakakata chini ya goti, iliyofuata juu ya goti. Lubna alikuwa akienda kila siku. Akamwuliza, Ami, una hasira na mimi? Akamwambia hapana, wewe ulirudisha. Alikufa Jumatano adhuhuri, Donatille akiwa pembeni. Maziko, haya, hayo mlikuja wote. Magari arobaini na saba. Miaka mitatu Inver Grove Heights ilikuwa mbali, siku ile kila mtu aliijua njia.

Mwanangu tangu hapo hasemi vizuri. Juzi aliniambia, "Mama, nilimwambia alipona. Angekaa nyumbani kama nisingemwambia alipona." Nikamwambia si kosa lako, ni la Harun na dirisha lake. Nikasema hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Leo asubuhi nilipita ukumbini kupima jiko kwa ajili ya Jumamosi. Ukutani, juu ya jiko, pana kibao: JIKO LA BADAWY. Na chini ya kibao wametundika karai, limesuguliwa, linawaka. Nikasogea. Wamelitoboa. Wamepitisha keekee kwenye shaba, matundu mawili chini kabisa penye kina, na misumari ya kuzungusha imeingia ukutani. Nikampigia Harun nikamuuliza nani alifanya hivi. Akasema fundi, ili lisianguke, ni kumbukumbu ya urithi wetu. Nikamwambia karai lenye matundu halipikiwi. Akasema, "Kwani nani atapika?"

Kisha akauliza kama ukurasa wangu uko tayari. Nikamwambia umezidi. Akaniambia nikate yale ya dirisha, kama nimeyatia, maana yamepita na hayana faida kwa watu.

Sikati. Jumamosi Lubna atakaa mstari wa mbele wa wanawake, ndipo mahali pake siku hizi. Nitasoma kuanzia juu, na nikifika Januari nitataja aliyefungua, jina lake na la babake, mwanangu akisikia.